Wu Song au Lu Zhishen: nani shujaa zaidi?

Kati ya wahalifu mashujaa 108 wa ngome ya Liangshan, katika riwaya ya Kichina Shuihu Zhuan, wawili hawa ndio huzua ubishi.

Kwa chanzo cha ghadhabu, namtanguliza Lu. Alimuua mchinjaji Zheng kwa ngumi tatu akimtetea binti maskini na baba yake, watu aliokutana nao siku moja tu kabla. Wu alilipiza damu ya kaka yake; lakini kwanza alipeleka ushahidi kwa hakimu wa Yanggu, ambaye aliikataa kesi kwa tamaa ya rushwa. Kwa subira, hapo Wu anashinda.

Na nani anaumia? Lu huwapiga waonevu. Wu, usiku wa kisasi kingine katika mji wa Mengzhou, aliua hata watumishi wasio na hatia. Ukurasa ule hunichoma kila nikiusoma.

Kwa nguvu, simbamarara aliyeuawa kwa ngumi anamtosha Wu.

Ukitafuta huruma, katika toleo la sura 100 anza na Lu, sura ya 3. Ukitaka kuona haki iliyouzwa ikimgeuza mtu mwema kuwa muuaji, fungua sura ya 23, kwa Wu.