Shimano HG50 ya gia nane: kaseti inayokubali kupanguliwa

Baiskeli nyingi za road za mtumba huja na kaseti (mkusanyiko wa meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma) iliyopangwa kwa mpanda baiskeli mwepesi wa nchi tambarare: meno 12 hadi 25. Mtu akiipeleka kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, magoti yanalia kabla ya mapafu. Akienda dukani anauziwa 11-30, na mlima unapandika, ila sasa kuna sproketi (gurudumu moja la meno) ya meno 11 ambayo karibu hataigusa, na gia anazotumia kila siku kwenye tambarare zimeachana mno. Kati ya kaseti zote za bei ya chini, HG50 ya gia nane ndiyo inayotatua shida hii vizuri zaidi, kwa sababu inafunguka na sproketi zake zinahamishika.

Kwanza hakikisha unayo kaseti. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina friwili ya kusokota, ambayo meno na kipande chake cha kuzungukia ni kitu kimoja kinachofungwa kwa nyuzi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hiyo haihusiki hapa. Ili kuzitofautisha, toa gurudumu, zungusha meno kinyumenyume na uangalie mahali pa kuingiza spana pale katikati. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia meno yakizunguka, ni friwili.

HG50 imepakwa nikeli, sproketi zake zote ni chuma, na kati yake kuna washa za plastiki za milimita 3.0. Kila sproketi ina unene wa milimita 1.8, kwa hiyo kutoka katikati ya moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 4.8, na kaseti nzima ina upana wa milimita 35.4. Shikilia namba hizo. Kaseti za gia nane za SRAM, kama PG-850, zina nafasi hizohizo na sproketi zake huingia bila ugomvi. Za gia tisa zinaonekana sawa kwa macho, lakini washa zake zina milimita 2.56 hivi. Zikichanganyika tatu tu, mkusanyiko unapungua kwa zaidi ya milimita moja, na hakuna kurekebisha waya kutakakozipatanisha gia zote.

Mchanganyiko tunaoupendekeza unahitaji kaseti mbili: 11-30 (11-13-15-17-20-23-26-30) na 13-26 (13-14-15-17-19-21-23-26). Toa 11 na 13 kwenye ya kwanza, weka 13 na 14 za ile ya pili. Unapata 13-14-15-17-20-23-26-30. Uzuri wake ni kwamba mabaki nayo ni kaseti kamili: 11-13-15-17-19-21-23-26, inayopanda meno mawilimawili hadi 23 na kuishia na matatu. Hiyo inafaa sana baiskeli ya pwani au ya mjini. Hakuna shilingi iliyotupwa.

Kwa nini kuiacha 11? Chukua sproketi ya mbele ya meno 50 na tairi la 700x28, ambalo mzunguko wake ni takriban mita 2.136. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, 50 kwa 13 inakupa kilomita 44 kwa saa. 50 kwa 11 inataka kilomita 52. Anayefika huko bila mteremko ni mshindani, na mshindani ana kaseti nyingine. Kwa wengine wote, 13, 14 na 15 zikikaa pamoja zinaleta tofauti ya asilimia 7 hadi 8 tu kila unapobadilisha, na kwenye upepo wa mbele hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwenye 11-30 ya dukani, kuruka kutoka 13 hadi 11 ni asilimia 18. Upande wa mlima nao, ukiwa na 34 mbele na mwendo wa kilomita 10 kwa saa, sproketi ya 25 inakulazimisha kukanyaga mizunguko 57 kwa dakika. Ya 30 inakupa 69. Miguu inaijua tofauti hiyo ndani ya mita mia mbili.

Kazi yenyewe inahitaji spana ya kaseti yenye meno (Park Tool FR-5.2 au Shimano TL-LR15), mpini wenye kipande cha cheni wa kuzuia sproketi zisizunguke, na spana kubwa. Nati ya kufungia, inayobana sproketi zote kwa nje, hufunguka kinyume cha saa kama nati ya kawaida. Italia kwa ukali inapoachia, maana uso wake una vijino; usiogope. Vua sproketi moja moja na uzipitishe kwenye waya kwa mpangilio uleule, washa zikiwemo.

Sproketi kubwa zimeshikwa pamoja na pini tatu nyembamba. Kwa mchanganyiko wa hapo juu huenda usihitaji kuzigusa, kwa sababu kinachohama ni sproketi mbili ndogo, na hizo kwa kawaida hukaa huru. Ukihitaji kutoa moja ya ndani, saga vichwa vya pini nyuma ya sproketi kubwa kwa tupa au grenda, kisha zisukume kwa msumari butu. Kazi kubwa ya pini ni kurahisisha ufungaji tu. Kaseti isiyo nazo hufanya kazi vilevile kwenye frihabu (kipande cha habu kinachobeba kaseti) ya chuma. Kwenye frihabu ya aluminiamu ni jambo jingine: kila sproketi iliyoachwa peke yake inauma mifereji na kuchimba, mpaka siku moja kaseti inakataa kutoka. Mwenye habu hiyo aache pini zake.

Kosa linaloharibu zaidi ni kudhani kwamba 13 ni 13. Sproketi ya nafasi ya kwanza ina shingo iliyotengenezwa pamoja nayo, inayochukua nafasi ya washa, na uso wake wa nje una vijino vya kushikana na nati. Ile 13 ya ndani ya kaseti ya 11-30 ilitengenezwa kwa nafasi ya pili. Ukiiweka ya kwanza, nati haina pa kushika na mkusanyiko unaweza kuwa mwembamba. Nati nayo ihame na sproketi yake ya kwanza: nati ya kaseti inayoanzia 12 au 13 ni pana, na ukiifunga juu ya 11 cheni itapanda juu yake na kusugua. Pima upana kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya) kabla ya kufunga. Usipofika milimita 35.4, kuna washa iliyosahaulika.

Frihabu ina mifereji tisa, mmoja mwembamba kuliko mingine, ili sproketi iingie kwa upande mmoja tu. Ikigoma usiipige nyundo; izungushe hadi mfereji huo ukutane na wake. Habu za zamani sana zina mifereji inayofika hadi ukingoni, na hizo hazipokei 11. Zinapokea 13 bila neno. Kwenye frihabu ya road ya gia kumi na moja, weka nyuma washa ya milimita 1.85 kwanza. Kabla ya kukaza, sproketi ndogo ya nje itokeze kidogo nje ya ukingo wa frihabu. Isipotokeza, nati itagonga mwisho na sproketi zitacheza ingawa nati imekaza. Paka grisi kwenye nyuzi, kaza kwa nyutonimita 40, kisha shika sproketi kubwa na ujaribu kuiyumbisha.

Sasa direla, kifaa kinachohamisha cheni na kuivuta isilegee, ambayo watu huisahau. Kwa krenki ya 50/34, yaani yenye sproketi mbili za mbele za meno 50 na 34, kaseti ya 12-25 inahitaji direla ya nyuma iweze kumeza tofauti ya meno 29 (16 za mbele na 13 za nyuma). 11-30 inataka 35. Mchanganyiko wetu unataka 33, yaani nafuu ya meno mawili, lakini direla fupi ya road ya zamani bado haitoshi. Nunua yenye mkono mrefu, kisha rekebisha skrubu ya pembe, ile inayoisogeza direla mbali na kaseti, mpaka kigurudumu chake cha juu kikae milimita 5 au 6 chini ya sproketi ya 30. Urefu wa cheni nao upimwe upya: izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, ongeza kiungo kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Cheni fupi ikiingizwa kubwa kwa kubwa huvunja direla, na mara nyingi spoku nazo.

Kubadilisha gia kwenye kaseti iliyochanganywa kunapungua ulaini kidogo. Sproketi za Shimano zimechongwa njia za kupandisha cheni zinazolingana na jirani zake za asili, na herufi ndogo zilizopigwa karibu na idadi ya meno zinaonyesha kundi la kila moja. Hapa mshono, yaani mahali sproketi za kaseti mbili zinapokutana, uko kati ya 14 na 15. Tofauti ni jino moja, kwa hiyo cheni hupita kwa kusita kidogo sana. Mchanganyiko unaoweka mshono kwenye mruko mkubwa, tuseme 19 hadi 23, utausikia kila siku, huo hatuushauri.

Kaseti nyingine tunaziweka nyuma ya HG50 kwa kazi hii. Miche Primato ya Italia ni nzuri, na sproketi zake huuzwa moja moja, lakini bei inapanda haraka ukizijumlisha. Kaseti za daraja la juu zenye sproketi kubwa zilizopigwa ribiti kwenye kibebeo cha aluminiamu hazifunguki kwa maana yoyote yenye faida, na za gia kumi na mbili ndiyo kabisa.

Faida moja zaidi ya HG50 ni ukarabati. Sproketi za 15 na 17 ndizo huisha mapema, na unaweza kuzibadilisha peke yake kutoka kwenye kaseti ya pili. Ila pima cheni kwanza: viungo 24, yaani jozi 12 za wa ndani na wa nje, ni milimita 304.8 zikiwa mpya. Zikifika 307, cheni hiyo itaruka juu ya sproketi mpya ukikanyaga kwa nguvu mlimani, na lawama itaangukia kaseti bure. Funga cheni mpya siku hiyohiyo.