Kituo cha masomo ya jioni Mwanga, Kigoma: mwalimu wa kuaminiwa, karani wa kuangaliwa

Mwezi Agosti nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye kituo kimoja cha masomo ya jioni kilichopo Mwanga, hapa Kigoma mjini, baada ya kijana huyo kuacha shule akiwa kidato cha pili. Alikwenda likizo ya Juni na hakurudi tena darasani. Tulikuja kumkuta Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akianika dagaa kwa ujira wa siku. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni malalamiko ambayo mimi na mwenye kituo tumekwisha kuyamaliza.

Kijana alikuwa amejiandaa kwa hoja. Alikuwa na umri wa miaka 16, na alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mwenye miaka 16 anaruhusiwa kisheria kuacha shule. Nilitarajia kwamba mezani kwa karani ndipo hoja hiyo ingepatiwa jibu, lakini karani aliiunga mkono. "Huyu ameshapita umri wa kulazimishwa, mjomba, hakuna wa kumfuata," alisema, kisha akaandika risiti ya shilingi 90,000 za miezi mitatu na kutuhakikishia kwamba Novemba hiyohiyo kijana angefanya Mtihani wa Maarifa, ule ambao wengi tunauita QT, unaomfungulia aliyekatiza shule njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Maneno hayo hayakufika hata dakika mbili, na ndani yake mlikuwa na makosa mawili.

Yaliyotokea kwenye chumba cha pili ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii. Mwalimu anayesimamia kituo, mzee aliyestaafu ualimu wa sekondari, hakuuliza umri hata kidogo. "Umri wake hauniambii kitu, ndugu yangu. Aliishia darasa gani, na mwezi gani?" Alipojibiwa, alichukua chaki akachora mstari mrefu ubaoni, akaandika Januari mwanzoni na Desemba mwishoni, akaukata katikati kwenye Juni, kisha akaanza kuutundikia mitihani kama mtu anayetundika nguo kwenye kamba: darasa la saba Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Alieleza kwamba mwaka wetu wa masomo una mihula miwili na siku 194 za kufundisha, na kwamba kidato cha tano huanza Julai, jambo linalowachanganya wazazi wengi ambao hudhani kwamba kila darasa huanza Januari. Mwishoni akaweka alama ndogo miezi ya kwanza ya mwaka na kusema kwamba hapo ndipo usajili wa QT hufanyika, hivyo aliyefika Agosti anasubiri mwaka unaofuata, hata akilipa ada mara mbili.

Hoja ya simu aliijibu bila kumdhihaki kijana. Sheria aliyoisoma ni ya England na Wales huko Uingereza, ambako mwanafunzi anayetimiza miaka 16 kabla ya likizo ya kiangazi kumalizika huweza kuacha shule Ijumaa ya mwisho ya Juni, na hata huko, akiwa England, bado hutakiwa kuendelea na masomo au mafunzo ya namna fulani mpaka afikishe miaka 18. Kwetu hakuna siku ya kuzaliwa inayomfungulia mtoto lango la shule ili atoke. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie mpaka aimalize, kwa hiyo kinachohesabiwa ni darasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imekwenda mbele zaidi kwa kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtoto anayeanza darasa la kwanza na miaka sita ataimaliza akiwa na miaka 16 hivi. Kumbe ile namba ya kwenye simu haikuwa mbali sana na yetu, ila kwetu inapatikana kwa kuhesabu vidato vilivyomalizwa.

Nilitumia nafasi hiyo kuuliza kuhusu binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 wakati mtaala mpya ulipoanza. Jibu lilikuwa la haraka: kundi lake linamaliza msingi likiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza darasa la saba, na makundi yote mawili yataripoti kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Kwa maelezo hayo peke yake ningelipia.

Kisha mwalimu akasema jambo ambalo wenye vituo wengi hawalisemi, kwa sababu linawanyima mteja. Alieleza kwamba tangu waraka wa elimu wa serikali wa Novemba 2021 waliokatiza masomo wanaruhusiwa kurudi shuleni, wakiwemo mabinti waliojifungua, na kwamba kijana aliyetoka shuleni miezi miwili iliyopita anapaswa kwanza kurudi kwa mkuu wake wa shule. QT, alisema, ni njia ya wale ambao mlango huo haupo tena. Niliwaona jioni hiyo: mama muuza migebuka aliyeishia darasa la saba, madereva wawili wa bodaboda, na binti aliyekuwa akinyonyesha huku akinakili ramani ya mikoa. Wamebanana kwenye mabenchi ya chumba kimoja chenye taa ya sola, kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, na ubao una nyufa ambazo mwanzoni nilizidhania mito kwenye ramani ile.

Ufundishaji wenyewe ni mzuri, hasa hisabati na Kiswahili. Kiingereza ni dhaifu, kwa kuwa mwalimu wake huja siku mbili kwa wiki na hukosa moja. Kuna jambo dogo ambalo sikulitegemea: kituo kinaujua mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza, wakati taa zao zinapovuta samaki, na hupumzika kwenye mbalamwezi, kwa hiyo vipindi vigumu hupangwa siku za mbalamwezi ili watu wa Kibirizi wavipate. Shule ya kawaida haiwezi kufanya hivyo.

Kuhusu fedha, nilidai kurudishiwa ada siku ya pili. Karani alisema risiti ikishaandikwa haifutwi. Mwalimu akasema inafutwa. Ilichukua wiki sita na safari nne kupata shilingi 80,000, zile 10,000 zikibaki kama gharama ya fomu ambayo hatukuijaza. Anayekwenda pale aombe kuonana na mwalimu kabla ya kufungua pochi, na aulize usajili wa mitihani unafungwa tarehe ngapi kabla ya kuuliza ada.

Kijana alirudi kidato cha pili Januari, katika shule yake ileile, akiwa amewapita wenzake umri kwa mwaka mmoja. Jumamosi bado anakwenda kituoni kwa hisabati, shilingi 3,000 kwa kipindi, na sasa risiti anaandika mwalimu mwenyewe.