Bunduki ya kaliba ndogo ya kuwindia swala Lindi na Mtwara: ipi ununue kwanza

Kama leseni yako ya uwindaji inaishia kwa mbawala, swala pala, nsya na funo, nunua .243 Winchester (namba hiyo ni kaliba, yaani upana wa mtutu kwa inchi). Kama unataka bunduki moja itakayommudu pia kuro au nyumbu, iruke hiyo uchukue .308 Winchester. Nyingine nitakazozitaja ni nzuri, ila kwa mwindaji wa Liwale, Nachingwea, Masasi au Nanyumbu zinakuja nyuma ya hizo mbili. Sababu ni pori letu na upatikanaji wa risasi, kuliko takwimu za kiwandani.

Miombo ya kusini si mbuga ya Serengeti. Nyasi zikiwa hazijaungua humwoni mnyama mpaka umemkaribia, na hata moto ukishapita bado risasi nyingi hupigwa ndani ya mita mia, mara nyingi hamsini tu. Miongozo mingi inayosomwa imeandikwa Marekani kwa ajili ya kulungu wa mkia mweupe, na waandishi wake hubishana kuhusu mita 300 na 400. Kwetu umbali huo hauna kazi. Kinachotuhusu ni uzito wa mnyama. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 65, mbawala dume mara nyingi yumo kati ya 40 na 60, nsya hafiki 25, na funo ni mdogo zaidi. Hao hawahitaji bunduki kubwa. Wanahitaji risasi iliyotua mahali pake, nyuma kidogo ya bega, kwenye moyo na mapafu.

Ila ndogo ina mpaka wake. Kanuni za uwindaji nchini zimeweka .240 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama wasio hatari, na .375 kwa nyati na tembo. Uingereza nao, kwenye sheria yao ya kulungu ya 1991, walitumia .240 hiyo hiyo. Kwa hiyo .223 Remington, ambayo wengi huipenda kwa wepesi na kwa kukosa teke, siipi nafasi yoyote hapa. Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina gramu 3.6, na kingi kimetengenezwa kipasuke haraka kwenye wanyama wadogo. Kikigonga mfupa wa bega la mbawala kinavunjikia juu juu, na mnyama anakimbia na jeraha mpaka vichakani, akafie huko bila kuonekana. Kumtesa mnyama namna hiyo ni dhambi, na nyama nayo imepotea. Ile .22 ndogo iachie kanga na sungura.

Sasa ya kwanza. .243 ilitoka 1955, na ganda lake ni la .308 lililobanwa shingo lipokee kichwa cha milimita 6.2. Tafuta boksi lililoandikwa 100 gr. Hiyo gr ni greni, kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, si gramu; 100 gr ni gramu 6.5. Risasi hiyo hutoka mtutuni kwa takriban mita 900 kwa sekunde, ikiwa na nguvu ya jouli 2,600 hivi. Teke la .308 hulizidi lake kwa zaidi ya mara moja na nusu, na hapo ndipo thamani ya .243 ilipo: mpigaji asiyeogopa teke hafumbi macho anapofyatua. Usinunue za 55 au 70 gr kwa ajili ya swala, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, maana hizo ni za wanyama wadogo na karibu hivyo hupasua nyama ikajaa damu. Chukua zenye ncha laini ya madini ya risasi, na kama zipo zile ambazo gamba na kiini vimeshikamanishwa, ongeza pesa uzichukue hizo. Udhaifu wake ni ngiri dume aliyekaa vibaya, na mnyama yeyote wa kuanzia kilo 150. Kuro usimpige nayo.

Ya pili ni .308, ya mwaka 1952. Kwa kichwa cha 150 gr, karibu gramu 9.7, inafika jouli 3,500. Kwa karibu inaharibu nyama kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu haina mbio za kupita kiasi. Kwa kuwa kibali cha kumiliki silaha si jambo la kuombwa kila mwaka, anayejua kwamba atamiliki moja tu maisha yake yote na aanzie hapa. Sina shida naye.

Ya tatu ni 7x57 Mauser, kongwe ya 1892. Ni tulivu begani, inapenya vizuri, na ningeiweka juu zaidi kama risasi zake zingepatikana kwa urahisi. Bell, mwindaji maarufu wa tembo wa zamani kutoka Uskoti, aliuwa tembo wengi kwa kaliba hii, lakini hiyo ilikuwa shabaha yake, si ruhusa kwako. Nyingi utakazokutana nazo ni za zamani, kwa hiyo mulika ndani ya mtutu: mistari ya mzunguko iwe mikali, pasiwe na vishimo vya kutu.

6.5 Creedmoor ya 2007 na .270 ya 1925 naziweka mwisho. Ya kwanza uzuri wake uko mbali, ambako sisi hatupigi. Ya pili ina kasi mno kwa mita hamsini.

Anayewinda funo na nsya vichakani tu, na hana mnyama mwingine kwenye leseni, shotigani yenye SSG (risasi za chembe kubwa) ndani ya mita 30 inamtosha.

Kabla ya kulipia, uliza risasi kwanza, bunduki baadaye. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na safari hiyo hutaki kuirudia kwa ajili ya boksi moja. Pesa za korosho zikiingia, nunua risasi za aina moja kadiri kibali chako kinavyoruhusu, kisha rekebisha darubini kwa hizo hizo kwenye mita 100. Darubini isiyokuza zaidi ya mara nne inatosha, kwani yenye kukuza sana ukiwa kichakani inakuonyesha majani tu. Mtutu wa sentimita 51 haunasi kwenye matawi kama mrefu. Ukiishi Mikindani au Kilwa, hewa ya chumvi itakula chuma, basi ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kila unaporudi, hata kama hukufyatua.

Na ardhi yetu sehemu nyingi ni tambarare. Risasi ya .243 ikikosa mnyama husafiri kilomita kadhaa, na porini kuna warina asali, wachuma uyoga na wenye mashamba. Panda juu ya kichuguu upige kwa kushuka, risasi iishie ardhini. Ukikosa kichuguu, na nyuma ya mnyama huoni udongo, mwache aende.