Fort Jesus na Ndia Kuu: pa kuanzia Mombasa

Nairobi ilipokuwa bado kinamasi, Mombasa ndiyo iliyokuwa makao ya utawala. Anza Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyojengwa 1593–1596. Ingia asubuhi mapema; uwanja wa kati una kivuli kidogo, na kufikia saa sita mawe yanarudisha joto usoni. Vaa viatu visivyoteleza. Wengi hupiga picha mizinga wakaondoka, wakikosa michoro ya meli ambayo mabaharia Wareno waliichora ukutani, kazi nzuri kupita zote humo. Tazama pia vitu vya jahazi la Kireno lililozama 1697 ngome ikizingirwa na Waomani. Ukitaka mwongozaji kutoka nje ya lango? Patana bei kwanza. Kisha shika Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu, hadi Msikiti wa Mandhry.