Kapsuli za mafuta ya samaki nilizomnunulia mama, kabla hujalipa geuza chupa
Mama yangu moyo wake hausukumi damu vizuri, yuko kliniki mwaka wa pili sasa, na usiku mapigo yalikuwa yanarukaruka mpaka anakaa kitandani kashika kifua, anasema humu ndani kunapapatika kama sato katupwa kwenye mtumbwi. Basi nikaingia duka moja la dawa hapa Mwanza mjini, chupa ya kapsuli 60 elfu 45, mbele imeandikwa 1000 mg kwa maandishi makubwa, na muuzaji ananiambia kabisa akizoea hizi dawa za hospitali atapunguza. Hapo nilikasirika jamani, mtu anaweza kufa kwa maneno kama hayo!

Kufika nyumbani nikageuza chupa, nyuma kumbe EPA mg 180 na DHA mg 120, yaani omega 3 yenyewe ni mg 300 tu, iliyobaki ni mafuta mengine. Kuna utafiti wa Italia, unaitwa GISSI-HF, wa 2008, watu karibu 7,000 wenye moyo kama wa mama walifuatiliwa karibu miaka 4, kapsuli yao moja ya siku ilikuwa na kama mg 850 za EPA na DHA, waliofariki 27 katika 100, na waliopewa kapsuli isiyo na dawa 29. Waliolazwa sababu ya mapigo kuvurugika vyumba vya chini vya moyo nao walipungua kidogo. Nafuu ipo ila ndogo, na wale watu dawa zao za moyo waliendelea nazo. Mama kufikia kiwango hicho ameze 3 kwa siku, chupa inaisha siku 20.

Nilimuuliza daktari wake kuhusu kuongeza, akanikatalia, kasema dozi kubwa kama gramu 4 kwa siku zimeonekana kuongeza ule mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, na anayetumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ndo kabisa asijianzishie mwenyewe.

Kapsuli zenyewe kubwa, anameza kwa shida, akibeua ni harufu ya dagaa. Miguu imenywea ila hiyo ni kazi ya dawa ya kukojoza, maana ilipomuishia siku 2 tu kandambili hazikuingia tena na kapsuli alikuwa anameza kila siku.

Nazipa nyota 2 kati ya 5. Chupa ya tatu sinunui, nachukua dagaa soko la Mwaloni, wale wasio na chumvi, na hiyo elfu 45 inaenda kwenye dawa zake zisikatike tena.