Chupa ya maji ya sukari ya kuitia ndege chozi: inafaa Mtwara?

Chupa hizi nyekundu za plastiki zinazoagizwa mtandaoni zilitengenezwa kwa ajili ya ndege-mvumaji, ambaye Afrika hayupo kabisa. Kwao ni Amerika, na katika miji kama Seattle na Vancouver wapo wanaobaki bustanini hata baridi ikikaza. Hapa Mtwara mnywaji ni chozi, ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua, na hapo ndipo chupa inapokwama. Mvumaji hunywa akiwa hewani. Chozi hupenda kutua kwanza. Kama chupa haina kijiti mbele ya kila tundu, usiinunue, au fungia kijiti cha unene wa penseli kwa waya, chini kidogo ya tundu.

Mchanganyiko: kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji moto, koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe. Ile sukari ya kahawia ya dukani ibaki ya chai. Ina mabaki ya molasi na madini ya chuma. Asali huchacha haraka. Rangi nyekundu haina kazi, chupa yenyewe inatosha. Na maji ya kisima yenye chumvi yaacheni.

Lawama kubwa ya wanunuzi ni kuvuja, na mara nyingi chupa haina kosa. Maji hushikiliwa na mgandamizo wa hewa. Chupa ikiwa nusu, hewa iliyo juu hupata joto la jua, hutanuka na kuyasukuma maji nje. Kisha nyuki na sisimizi hawangoji kualikwa mara mbili. Basi ijaze pomoni, au nunua ndogo. Wakati wa kipupwe kuna mtego mwingine: kusi inavuma, kwa hiyo mtu huitundika upande wa kaskazini wa nyumba apate kinga, kumbe Juni na Julai jua nalo liko kaskazini. Itundike huko huko, lakini ndani ya kivuli cha baraza au cha mwembe, mbali na kioo cha dirisha, maana chozi dume hupigana na sura yake.

Kulabu iliyokuja nayo ni waya mwembamba, na hewa ya bahari huila upesi. Weka kamba ya nailoni. Juu ya chupa, kwenye kamba hiyo hiyo, ning'iniza kikombe kidogo cha maji, sisimizi hawavuki. Usipake grisi, hushika manyoya.

Maji ya sukari yabadilishwe kila baada ya siku 2, siku 1 kukiwa na joto kali. Yakiwa na ukungu ni ya kumwaga. Brashi ya chupa ya mtoto huingia mpaka kitakoni, ila matundu yenyewe yanataka kijiti chembamba, na hapa mtengenezaji alizembea: kitako cha aina nyingi hakifunguki chote.

Alama 3 kati ya 5. Mwenye mgomba unaotoa ua uani hahitaji haraka ya kuinunua. Chozi watakuwa pale tangu alfajiri, bure.