Kozi ya Dar au paja la kuku hapa hapa Mtwara?
Daktari anaesomea upasuaji rekebishi akiwa huku Mtwara, kozi ya Dar ya kuunga mishipa midogo ya damu inampa hadubini nzuri na mwalimu wa kumkosoa palepale, ila ni zaidi ya kilomita 500, nauli, pa kulala, na wodi anamwachia nani? Paja la kuku wa sokoni lina mshipa wa milimita 1 mpaka 2 hivi, unaukata, unauunga kwa uzi mwembamba sana wa 9-0 au 10-0 (hata ulioisha muda unafaa kwa mazoezi) alafu unapitisha maji ya rangi uone kama panavuja, na kesho unarudia tena. Damu haipiti kwahiyo kuganda hutakuona, hilo pengo kubwa kweli. Mi nasema aanze na kuku, Dar aende mkono ukishatulia.